Mgombea Anataka Niwe Mshauri Wake wa Mawasiliano. Niache Redio?

*"Mimi ni mtangazaji wa redio hapa Arua, Uganda, mwaka wa saba sasa. Asubuhi naendesha kipindi kwa Kilugbara na Kiswahili, na mara mbili kwa wiki jioni nasimamia mjadala wa siasa. Mwanasiasa mmoja anayejiandaa kugombea ubunge amenijia, anataka niwe mshauri wake wa mawasiliano. Ameahidi mara tatu ya mshahara wangu. Anasema kwa sasa nibaki hewani na tusimwambie mtu, mpaka Tume ya Uchaguzi ipokee fomu zake. Sina shahada, nina diploma tu. Mama yangu anasema kazi hiyo ni kumsemea mkubwa uongo, na kwamba ukishaingia hutoki tena. Wenzangu nao wanasema siku hizi ni Facebook na TikTok, redio imekwisha. Nifanye nini?"*

Dada yangu, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa sababu jambo zito kuliko yote umelitaja kwa haraka: kwamba ubaki hewani huku ukimshauri mgombea kwa siri. Mshahara, diploma, hofu ya mama na ubishi wa Facebook, vyote nitavijibu. Lakini hili la siri likikosewa, hayo mengine hayatakusaidia kitu.

Usikubali. Hata kwa wiki mbili.

Fikiria jioni ya mjadala wako. Mezani wameketi wagombea watatu, na mmoja wao ndiye anayekulipa. Utamkatiza nani akizidisha muda? Swali la dawa kukosekana kwenye kituo cha afya utaanza kumuuliza nani? Hata ukijitahidi kutenda haki, kila uamuzi wako mdogo umeshanunuliwa. Na Arua ni mji ambao watu wa boda wanajua nani alilala kwa nani na nani alimtembelea nani. Siku siri itakapotoka, wapinzani hawatahangaika kujibu sera za mgombea wako. Watasema tu kwamba kila sifa aliyoipata redioni aliilipia. Utakuwa umemtia hasara mtu aliyekuajiri umletee faida.

Kuna na upande wa sheria. Sheria ya Waandishi wa Habari ya mwaka 1995 imeambatanishwa na kanuni za maadili, na moja ya kanuni hizo inamkataza mwandishi kuomba au kupokea hongo ili habari itoke au isitoke. Mwanasheria mwerevu hatapata shida kuuita mshahara wa siri hongo. Na mwenye kituo chako hatakutetea, nakuambia mapema. Wenye redio Uganda wana kumbukumbu ndefu. Mwezi wa Septemba 2009, baada ya ghasia zilizotokana na kuzuiwa kwa safari ya Kabaka, mfalme wa Buganda, kwenda Kayunga, redio ya ufalme huo, CBS FM, ilifungwa na haikurudi hewani mpaka Oktoba 2010, na ile mijadala ya wazi ya ebimeeza ikapigwa marufuku nchi nzima. Mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano, UCC, iliagiza vituo 13 viwasimamishe kazi baadhi ya wakuu wao wa habari na vipindi kwa namna walivyotangaza habari za kukamatwa kwa mwanasiasa wa upinzani. Mwenye leseni anayekumbuka hayo akiona mtangazaji wake analipwa na mgombea, atamtoa mlangoni kabla barua ya UCC haijafika.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni hili: siku unayopokea shilingi yake ya kwanza iwe siku uliyoaga redio, kwa barua, na mkurugenzi wa vipindi akijua unakwenda wapi. Mgombea akisema hilo litaharibu mpango wake, basi alichokuwa anakitaka kwako kilikuwa maikrofoni, na ushauri ulikuwa jina tu.

Sasa hofu ya mama. Mama hakukosea kabisa. Wapo watu wanaojiita washauri ambao kazi yao ni kutunga uvumi asubuhi na kuusambaza mchana. Lakini wanaodumu katika kazi hii hawaishi hivyo, na sababu yake ukiielewa utaielewa kazi yenyewe.

Mgombea amezungukwa na watu wenye sababu ya kumwambia anachopenda kusikia. Mfadhili anataka hesabu yake ikubalike. Mratibu wa kata anataka pesa ya mafuta iendelee kutoka, kwa hiyo kila kijiji kwake "ni chetu". Ndugu wa ukoo wanataka amani nyumbani. Ikifika wiki ya mwisho, mgombea huyo anaweza kuwa mtu pekee jimboni asiyejua watu wanasema nini juu yake sokoni. Mshauri wa mawasiliano analipwa kwanza kabisa kuziba pengo hilo. Anasikiliza, kisha anamwambia bosi ukweli chumbani kabla watu hawajamwambia hadharani. Sehemu inayoonekana, yaani hotuba, mabango, matangazo ya redio na picha, inatokana na hiyo. Mshauri anayemdanganya bosi hana kazi, na anayewadanganya wananchi anaikata kazi yake mwenyewe, kwa sababu waandishi wale wale atawahitaji kesho.

Nikupe mfano wa huko kwenu. West Nile ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, na umeme wa gridi ulipofika mwaka 2024, ungeona foleni ya wanasiasa wanaosema ni mimi niliyeuleta. Mgombea wako naye atatamani kuahidi: nitawaletea lami, nitawaletea nguzo hadi kijiji cha mwisho. Mshauri mwoga anaiandika ahadi hiyo vizuri. Mshauri anayeijua kazi yake anamkumbusha kwamba mbunge hajengi barabara. Mbunge anatunga sheria, anajadili na kupitisha bajeti, anaihoji serikali na kuwasemea watu wake. Kisha anamtafutia namna ya kulisema hilo likasikika kama nguvu: nitasimama bungeni kuuliza pesa za barabara hii zilikwenda wapi, na kila mwezi nitakuja redioni kuwaambia nilijibiwa nini. Ahadi ya namna hiyo inapimika, na baada ya miaka mitano haitamrudi usoni.

Uongo una gharama nyingine ambayo wanasiasa wapya hawaihesabu. Chini ya sheria ya uchaguzi wa wabunge, ushindi unaweza kufutwa mahakamani ikithibitika kwamba kosa la kampeni lilitendwa na mgombea mwenyewe, au na mtu mwingine kwa kujua na kuridhia kwake. Kutoa hongo kwa wapiga kura ni kosa. Kuchapisha uongo juu ya tabia ya mpinzani ni kosa. Na wakili wa upande wa pili atataka kuonyesha kwamba kiungo ni wewe, mtu wa karibu unayeandika kila kinachotoka: kama mshauri wake aliandika, yeye angekosaje kujua? Aliyeshindwa ana siku 30 tangu matokeo yatangazwe kwenye gazeti la serikali kufungua kesi Mahakama Kuu, na wapo wanaozitumia. Simu yako inaweza kuwa ushahidi. Andika kila ujumbe wa WhatsApp ukijua unaweza kusomwa mbele ya jaji.

Mtandaoni ni hivyo hivyo, tena zaidi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ilirekebishwa mwaka 2022, na watu wamefungwa kwa maneno yao. Mwaka 2024 mahakama ya Entebbe ilimhukumu kijana wa TikTok miaka 6 jela kwa maneno aliyoyasema juu ya Rais na familia yake. Unaweza kuiona sheria hiyo ni kali mno, na mimi naona hivyo. Lakini mshauri hafanyi kazi katika nchi anayoitamani, anafanya katika iliyopo. Na kijana anayebandika video za mgombea wako usiku wa manane yuko chini ya dhamana yako.

Hapo ndipo nawajibu wenzako wanaosema redio imekwisha. Angalieni historia ya karibu. Siku ya kura, tarehe 18 Februari 2016, mitandao ya kijamii ilizimwa. Mwaka 2018 ikaja kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao hiyo, na watu wakajifunza kuikwepa kwa VPN, programu ya kuficha unachofungua mtandaoni. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya bando. Facebook ilifungwa tarehe 12 Januari 2021, siku chache baada ya kampuni yenyewe kufuta akaunti za bandia ilizosema zina uhusiano na Wizara ya TEHAMA, na jioni ya tarehe 13, mkesha wa kupiga kura, intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Mgombea aliyeweka kila kitu kwenye ukurasa wake alibaki bubu siku aliyohitaji sauti kuliko zote. Katika kampeni za uchaguzi huo huo mikutano mikubwa ilizuiwa kwa sababu ya korona, watu 200 tu wakiruhusiwa, na aliyekuwa na nafasi redioni ndiye aliyefika vijijini.

Sisemi mtandao hauna kazi. WhatsApp ndiyo inayobeba sauti fupi kutoka simu hadi simu, na video nzuri ya TikTok inaweza kumfanya kijana wa Kampala ampigie baba yake aliye Maracha kumuuliza, huyu mtu mnamjua? Lakini mpiga kura mwingi wa jimbo lenu ni mama anayesikiliza redio akitwanga, na mzee anayengoja mtu anayemwamini amwambie alichosikia ni kweli au si kweli. Ujumbe haufanyi kazi pale unaporushwa. Unafanya kazi pale padri, imamu, mwenyekiti wa kijiji (LC1) au muuza samaki anapourudia kwa maneno yake mwenyewe. Kwa hiyo ujumbe uwe mfupi kiasi cha kurudiwa, na uwe kwa lugha ambayo huyo mtu anaota nayo. Kilugbara chako ndicho kitakachofika vijijini. Kiswahili chako kitakufungulia soko, vijiwe vya boda, wafanyabiashara wa mpakani na familia zenye ndugu upande wa Kongo. Miaka saba ya kusikiliza simu za asubuhi imekufundisha watu wanalalamikia nini kabla hawajamaliza sentensi. Hicho mgombea wako hawezi kukipata kwa mtu atakayemleta kutoka Kampala.

Ndiyo maana suala la diploma halinitishi. Hakuna sheria inayomtaka mshauri wa mgombea awe na shahada. Shahada itahitajika ukitaka baadaye kuwa ofisa habari wa wizara au wa wilaya, ambako nafasi hutangazwa na vyeti hukaguliwa. Hapo Makerere au Chuo Kikuu cha Kikristo Mukono watakufaa, na diploma inaweza kukufungulia mlango. Unachokikosa leo ni vitu vingine: kusoma sheria za uchaguzi mwenyewe badala ya kusimuliwa, kupanga bajeti ya matangazo, kusoma matokeo ya uchaguzi uliopita kituo kwa kituo, na kuandika ukurasa mmoja ambao mtu mwenye haraka atausoma garini akaelewa. Hayo unaweza kujifunza kwa miezi, ukiamua. Jambo moja zaidi: mkianza kukusanya namba za simu za wapiga kura ili muwatumie ujumbe, kumbukeni ipo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Namba iliyoandikwa kwenye orodha ya msibani haikutolewa kwa ajili ya kampeni.

Je, ukiingia hutoki? Njia hii ina milango zaidi ya mmoja, na watu wanaojulikana wameipita. Ibrahim Semujju Nganda alitoka gazeti la Observer, akawa msemaji wa chama cha upinzani cha FDC na mbunge. Joel Ssenyonyi alikuwa NTV, akawa msemaji wa chama cha NUP, akaingia bungeni 2021 na baadaye akawa Kiongozi wa Upinzani. Don Wanyama alitoka Daily Monitor akaenda Ikulu kuwa katibu wa habari wa Rais, kisha mwaka 2021 akapewa kuiongoza Vision Group. Lakini sitakudanganya kwa majina makubwa. Mtangazaji wa wilayani anayetaka kurudi kwenye meza ya mjadala baada ya kampeni hupata shida, kwa sababu msikilizaji amekuona jukwaani na fulana ya rangi ya chama. Kipindi cha muziki, cha afya au cha kilimo utapewa tena. Mjadala wa siasa, uhesabu umeuacha kwa miaka mingi, pengine moja kwa moja. Kama mjadala huo ndio moyo wako, nakushauri ukatae, na usione aibu. Mji wenye msimamizi wa haki wa mjadala una bahati.

Kama unataka kukubali, tuzungumze pesa. Kampeni ina njaa isiyoisha: mafuta, mawakala, michango ya mazishi, harusi, makanisa. Mshauri ndiye anayeambiwa "subiri Ijumaa", maana hapigi kelele kama dereva. Mgombea akishindwa, deni lako limezikwa naye. Akishinda, utaambiwa uwe na shukrani kwa kuwa mmeshinda pamoja. Kwa hiyo mkataba uwe wa maandishi, malipo ya mwezi yatangulie, na miezi mitatu ya kwanza ilipwe mkupuo mmoja kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, na barua hiyo itoke siku hiyo hiyo. Usitoe pesa yako mfukoni kulipia matangazo hata siku moja. Mkataba useme wazi kwamba unazungumza na mgombea mwenyewe bila kupitia kwa binamu yake, kwamba hakuna kinachotoka kwa jina lake bila wewe kukiona, na kwamba ukitakiwa kutangaza unachokijua kuwa uongo una haki ya kuondoka na malipo yako ya mwezi huo. Mwanasiasa makini hatakasirikia kifungu hicho.

Na bahasha. Hili litakuumiza, kwa sababu watakaokujia ni wenzako, watu mliokula chapati moja kantini. Watakuuliza nauli. Mishahara ya waandishi wa wilayani ni midogo, na mtu aliyepanda boda kilomita thelathini kufuata mkutano wenu amegharamika kweli. Mimi nauli ya wazi siioni kuwa dhambi, ikiwa ni kiwango kile kile kwa wote, inaandikwa, na mhariri wake anajua. Inayokatazwa ni pesa ya kufanya habari itoke, au isitoke. Wiki ya kwanza watangazie wote utaratibu wako, na usimpe mmoja zaidi kwa sababu ni rafiki. Ukianza kununua habari, kila mwandishi atajifunza kungoja mpinzani apandishe bei.

Wewe ni mwanamke, na kampeni hutembea usiku. Omba usafiri unaoujua dereva wake, na mtu wa nyumbani ajue kila jioni uko wapi. Mwanasiasa au mfadhili akianza mazungumzo ambayo hayana uhusiano na kazi, hilo nalo ni sababu ya kuondoka, na hudaiwi maelezo na mtu.

Kabla hujaamua, mfanyie mtihani mmoja. Mwombe saa moja, nyinyi wawili, na simu ya kurekodi. Muulize maswali matano ambayo adui yake mkali angemuuliza: mali yake ameipataje, kwa nini alihama chama kama alihama, kesi ya ardhi iliyosemwasemwa, nani anamfadhili, alifanya nini kwa kata zilizomnyima kura. Usimpunguzie. Kisha msikilize naye rekodi na umwambie mahali aliposikika mwongo. Akikasirika halafu akatulia na kuuliza "sasa niseme nini?", huyo anafundishika, na mimi ningejiunga naye kwa masharti niliyotaja. Akikuambia kazi yako si kumuuliza maswali, rudi kwenye kipindi chako cha asubuhi.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Mkataba usomwe na wakili mwenye leseni kabla hujatia saini, hata kama ni kurasa mbili. Swali lolote la tarehe za kampeni au mikutano, nenda ofisi ya Tume ya Uchaguzi ya wilaya yako ana kwa ana, usitegemee uvumi wa WhatsApp. Ukiitwa polisi au kwa RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, kwa sababu ya jambo lililotangazwa, usiende peke yako na usiandike maelezo bila wakili; na kwa kuwa bado ni mwandishi leo, HRNJ-Uganda, mtandao wa haki za binadamu wa waandishi, huwasaidia waandishi walio katika shida za namna hiyo. Namba zao ziandike kwenye karatasi pia, simu huchukuliwa.

Mama mpeleke mkataba ukiwa umesainiwa, umsomee kile kifungu cha kuondoka. Barua ya kuaga redio iandike siku ile ile pesa ya miezi mitatu inapoingia kwenye akaunti yako, si kabla.